Bahasha Tupu za Alhamisi

Nawasalimu kwa salamu zote mlizokuja nazo. Wa asalaam aleikum, nimewaitikia. Wa Bwana asifiwe, nimewaitikia. Na wale walionitazama tu bila kusema kitu kwa sababu bado wana donge na mimi, nao nawasalimu, na ninawashukuru kwa kuja.

Wageni mliojiunga na kikundi mwezi huu, karibuni. Mwenyekiti ana desturi yake: kila wageni wanapoingia, lazima waambiwe kikundi hiki cha wagonjwa wa sukari kilianzaje, na anayewaambia ni yule aliyekosa. Aliyekosa ni mimi. Wengi mmezoea kuniona nyuma ya meza pale ndani. Leo nimekalishwa kwenye benchi hili la kungojea, na nataka mjue kwamba ni gumu. Nimewakalisha watu hapa zaidi ya miaka saba, na mimi mwenyewe sikuwahi kulikalia hata dakika tano.

Kwa cheo mimi ni tabibu, si daktari kamili, lakini katika mitaa yetu hii kila mwenye koti jeupe ni daktari, na sikuwahi kumsahihisha mtu. Hiyo nayo iandikeni.

Ndugu zangu, nitaanza na bahasha, kwa sababu kila kitu kilianzia kwenye bahasha.

Alhamisi ni kliniki ya sukari, mnajua. Zamani mgonjwa alipoingia kwangu, kabla hajaketi vizuri, nilinyoosha mkono na kusema neno moja tu: "Bahasha." Alinipa ile bahasha ya karatasi tuliyomtilia dawa mwezi uliopita. Niliimwaga kwenye trei, nikahesabu vidonge vilivyobaki kwa ncha ya kalamu, na mlango ulikuwa wazi. Hesabu ikiwa sawa nilisema "Vizuri," nikaandika. Vikibaki vingi nilipaza sauti. Nilikuwa na maneno yangu ya kila wiki. Nilimwuliza mtu kama anataka mguu wake ukatwe ili aamini. Nilimwuliza mwingine kama dawa anazifuga kabatini zimzalie. Benchi zima lilisikia, na ndiyo maana mlango ulikuwa wazi.

Baada ya maneno hayo palikuwa na ukimya. Nitawaambia ukweli hata kama unaniaibisha: niliupenda ukimya ule. Nilidhani ni heshima. Na baada ya muda bahasha zikaanza kuja tupu, moja baada ya nyingine, nikajisifu kwamba wagonjwa wangu ndio watiifu kuliko wote Eastlands.

Sasa kuna Mama mmoja. Jina lake silitaji, amenikataza. Nilipomwomba ruhusa ya kusimulia, nilimwambia nitampa jina la kubuni. Akasema, "Usinipe jina la mtu mwingine, nina langu. Sema Mama. Wanaonijua watanijua." Kwa hiyo nitasema Mama, na nyote mmeshageuka kumtazama, basi hakuna siri.

Mama aliletwa kwangu sukari yake ikiwa juu. Kwenye faili, palipoandikwa kazi, niliandika "biashara." Sikuuliza biashara gani. Nilimpa aina mbili za dawa. Kwa faida ya wageni nitaeleza, maana bila kuelewa hili hamtaelewa kosa. Kuna kile kidonge kikubwa, kinachomezwa na chakula; hicho ni mpole. Na kuna kile kidogo, kinachomezwa nusu saa kabla ya kula. Hicho kidogo kinashusha sukari iwe umekula au hujakula. Hakikungojei. Ukikimeza na chakula kikachelewa, sukari inashuka kupita kiasi: unatetemeka, unatoka jasho la baridi, unaona vitu viwili viwili, na ikishuka zaidi unaanguka. Sukari ya juu huumiza polepole. Ya chini huumiza asubuhi hiyo hiyo.

Mama alirudi mwezi wa pili, bahasha tupu, sukari juu. Nikaongeza kutoka nusu kidonge hadi kimoja. Akarudi, bahasha tupu, sukari juu. Nikaongeza. Miezi kumi na tano tulikwenda hivyo, mpaka nikafika mwisho wa kipimo: viwili asubuhi, kimoja jioni. Kila mara nilimwuliza swali lile lile: "Dawa unameza?" Naye akajibu, "Nameza, daktari." Bahasha ilimshuhudia. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na hesabu, ningetaka nini tena?

Ndipo Mama akateguka goti. Binti yake, anayekaa mtaa wa Pipeline na mume wake na mtoto mdogo, akamchukua amuuguze kwake. Walifika Jumamosi. Binti ni mtu makini. Alisoma bahasha, akaziweka juu ya friji, na Jumapili asubuhi akampa Mama dawa kama ilivyoandikwa, kisha akampikia uji na mayai papo hapo. Mama alihisi uchovu kidogo, basi. Jumatatu binti alikuwa na kazi. Anashona kwenye kiwanda cha nguo. Saa kumi na mbili asubuhi akamsimamia mama yake na glasi ya maji, akahakikisha amemeza vidonge viwili, akamwachia chai kwenye chupa na mkate, akamwambia ale baada ya nusu saa. Akapeleka mtoto kwa jirani, akaenda.

Mama hakuzoea kula mapema. Alisema moyoni atakula baadaye. Aliinjika maji kwenye gesi ili aoge. Jirani alisikia sufuria ikianguka. Alimkuta Mama sakafuni, hajitambui, na maji ya moto yamemwagika kwenye mkono wake wa kulia. Walimkimbiza hospitali. Wakapima, sukari ilikuwa karibu haipo. Walimtundikia dripu ya maji ya sukari, akazinduka. Mkono ulitibiwa, lakini vidole viwili mpaka leo havikunji. Ndivyo vidole alivyokuwa akishikia kisu cha kazi yake.

Sasa nafika mahali pangu.

Binti alikuja siku iliyofuata baada ya mama yake kutoka wodini, akiwa na sare ya kiwanda. Haikuwa siku ya kliniki ya sukari. Alisimama, hakukaa, akaweka bahasha mbili mezani.

"Daktari, nilimpa vile umeandika. Soma mwenyewe. Nilikosea wapi?"

Nilisoma. Mwandiko ulikuwa wangu. Viwili asubuhi, nusu saa kabla ya chakula. Na nilipokuwa nasoma nilielewa, ndugu zangu. Haikunichukua hata dakika. Ikiwa siku mbili za dawa hiyo zinaweza kumwangusha, basi ile miezi kumi na tano hakuwa akiimeza, na mimi nilikuwa nikimwongezea dawa mtu asiyemeza, mpaka nikaandika kipimo cha kumwangusha siku atakapomeza. Nilielewa yote. Kisha nikafungua mdomo.

"Pengine ulichanganya bahasha," nilimwambia. "Hutokea."

"Sikuchanganya."

"Mtu akiwa na haraka ya kazi anaweza kumpa hata mara mbili asijue. Sikulaumu."

Nilisema hivyo, "sikulaumu," kwa sauti ya upole kabisa. Nikamwona akirudi nyuma akilini mwake, akiitafuta asubuhi ile, akijichunguza. Halafu akasema, polepole, "Nilikuwa na haraka, ndiyo."

Alikusanya bahasha zake akaondoka. Nikachukua faili, nikaandika: "Alizidishiwa dawa nyumbani na jamaa." Nikatia sahihi. Nikaita mgonjwa mwingine.

Sitaki mnionee huruma hapo. Nilikuwa na wakati wa kumwita arudi. Ngazi za kliniki yetu ni ndefu, na mtu aliyechoka hazishuki mbio. Sikumwita.

Kitu kimoja tu kilinisumbua wakati huo, na hakikuwa dhamiri, kilikuwa udadisi. Kama hakumeza, vidonge vilikwenda wapi? Jibu nililipata kwa mama wetu wa usafi, mwezi mmoja baadaye, akiwa anazibua choo cha nyuma na fimbo.

"Choo hiki Alhamisi kinakula dawa kuliko wagonjwa wako," akasema.

Nikamwuliza ana maana gani. Akanicheka. Akanieleza kwamba watu wanapita kule kabla ya kuingia kwangu, wanamwaga. Wagonjwa wa zamani wanawafundisha wapya hapa hapa benchini: mwaga zote, bahasha ikiwa tupu atasema vizuri. Baadhi yenu mnatazama chini sasa. Msitazame chini. Mwalimu wenu wa kumwaga nilikuwa mimi.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Tangu nianze kazi hapa umeniuliza nini," akasema, "zaidi ya kama sakafu imekauka?"

Alhamisi iliyofuata niliificha trei. Nikafunga mlango. Nikatabasamu. Nikamwuliza mgonjwa wa kwanza kwa sauti laini kama kweli anameza dawa zake. Akasema zote, daktari. Wa pili, zote. Wa tatu, zote, na Mungu akubariki. Nilikuwa nimewafundisha watu kuniogopa kwa miaka saba, na nilitaka waache asubuhi moja kwa sababu nimeonyesha meno.

Nilikwenda kwa sista anayesimamia kliniki yetu. Nilimwambia habari ya choo. Habari ya binti nilimficha. Sista alinisikiliza, akasema, "Unawauliza swali lenye jibu moja. Nani atakwambia hapana? Mwambie mtu akusimulie jana yake, kuanzia alipoamka mpaka alipolala. Halafu wewe funga mdomo." Akaongeza, "Anza na yule aliyeungua."

Basi Jumamosi nikaenda Pipeline. Ghorofa ya nne, nguo zimeanikwa mpaka kwenye ngazi, nimebeba maziwa mkononi kama mgeni wa kawaida. Mama alikuwa peke yake na mjukuu. Alinitazama kutoka kwenye kiti chake, mkono umefungwa bandeji.

"Umekuja kuhesabu?"

Nikamwambia sikuja kuhesabu. Nikamwomba anisimulie siku yake moja ya kazi, kabla hajaumia. Akauliza aanzie wapi. Nikasema, ulipoamka.

Ndugu zangu, ile "biashara" niliyoiandika kwenye faili ilikuwa hivi. Mama anaamka saa tisa na nusu alfajiri. Saa kumi na moja—

Mama ananitikisia kichwa. Saa kumi na nusu. Ahsante, Mama. Saa kumi na nusu yuko Kiamaiko, amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, anaosha matumbo ya mbuzi. Anayapokea ya moto kutoka machinjioni, anayapasua, anayasugua, anayakatakata kwa wateja wa vibanda. Kisu chake ni chembamba na kikali, na kazi inafanywa kwa mbio kwa sababu wateja wanataka mzigo kabla jua halijapanda. Anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kikombe kimoja amesimama. Chakula chake cha kwanza ni saa nne, mzigo ukiisha. Wanawake wote wa pale wanakula saa nne.

Mwanzoni alimeza kidonge kidogo kama nilivyomwambia, asubuhi kabla ya kula. Ikifika saa moja mikono inatetemeka, kisu kinamponyoka. Wenzake wakaanza kumtania kama mlevi, "Leo umeamkia chang'aa, mama?" Siku moja alijikata kiganja. Siku nyingine alikaribia kumkata aliyekuwa kando yake. Akaamua. Alivyonieleza ni hivi: "Niliogopa kisu kuliko nilivyoogopa sukari."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akaniambia alikuja kuniambia. Mwezi wa kwanza kabisa alikuja na bahasha yenye vidonge vingi, tayari kunieleza habari ya kisu. Mimi nikamwaga kwenye trei, nikamwuliza mbele ya benchi zima kama anazifuga zimzalie. Watu wakacheka. Mama ni mtu mzima, ana mjukuu. Akanyamaza, na mwezi uliofuata akapita chooni kwanza.

Kwa nini basi alimeza kwa binti? Kwa sababu binti alisimama mbele yake na glasi. Kwa mwaka mzima alikuwa amemwambia kwamba anameza. Angeanzia wapi?

Nilimsikiliza karibu saa nzima, na sikuwahi kumsikiliza mgonjwa hata robo ya muda huo. Nilidhani nimeshapona. Nilidhani kusikiliza ndiyo dawa yangu. Kisha Mama akaniambia jambo la mwisho.

"Mkono utapona utakavyopona, daktari. Shida yangu ni huyu msichana. Hagusi dawa tena. Yangu anamwita jirani aje anipe. Mtoto alikohoa wiki jana, dawa yake ya maji ikakaa mezani mpaka baba yake akarudi. Anasema mikono yake ina nuksi. Mwambie. Mimi nikimwambia anasema namfariji tu. Wewe atakuamini."

Atakuamini. Hakujua anazungumza na nani.

Nikamwuliza binti anarudi saa ngapi. Akasema saa tisa. Nikamaliza chai, nikaaga, nikatoka saa nane na nusu.

Mwanzo wa kubadilika kwangu, ndugu zangu, haukuja kanisani wala msikitini. Ulikuja Alhamisi ile iliyofuata, kwa mgonjwa mmoja, fundi viatu, aliyekuwa wa kwanza pale kliniki kuulizwa swali la sista. Alishangaa, lakini akasimulia. Akaniambia analala mchana siku za mechi, akaniambia mke wake amehama, akaniambia anakula mlo mmoja kwa siku na dawa anaigawa kulingana na huo mlo. Mambo ambayo singeyajua kamwe. Alipomaliza akatabasamu, akaniuliza, kama mtu anavyomuuliza mwenzake:

"Na wewe daktari, jana yako?"

Nikasema, "Aa, kazi tu."

Akaitikia, "Kazi tu," akachukua bahasha yake, akainuka. Nikaona uso wake umefungika tena kama mlango. Yeye alinipa jana yake yote. Mimi nilimpa "kazi tu," ndugu wa ile "biashara" niliyomwandikia Mama. Na sababu ya kutokuwa na hadithi ya kumpa ni kwamba hadithi yangu ilikuwa moja, na nilikuwa nimeiandika kwa uongo kwenye faili na kutia sahihi.

Jumamosi nilirudi Pipeline, saa tisa na robo.

Binti alikuwa kwenye baraza, amechuchumaa, anaosha vyombo kwenye karai. Mama alikuwa mlangoni. Sikuanza na pole. Kama ningesema pole, angeitikia asante kwa adabu, na tungeishia hapo. Nilianza na trei. Nikamsimulia kwa utaratibu kama ninavyowasimulia ninyi: mlango ulio wazi, bahasha tupu, vidonge nilivyoongeza. Aliendelea kuosha. Nilipofika siku aliyosimama mbele ya meza yangu, mikono yake ikatulia ndani ya maji.

"Rudia hapo."

"Nilikwambia ulichanganya bahasha. Hukuchanganya. Ulifanya nilivyoandika, kama nilivyoandika. Kosa ni langu, na nililijua."

"Ulilijua lini?"

"Ukiwa bado umesimama."

Alijifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Wiki saba, daktari," akasema. "Wiki saba naficha mikono mbele ya mtoto wangu."

Mama, pale mlangoni, akasema naye alikuwa amemficha, akaeleza kuhusu choo, na kuhusu kisu. Binti akamsikiliza, akamwambia, "Wewe tutaongea." Kisha akanigeukia mimi. Sikutukanwa. Aliniuliza niliandika nini kwenye faili. Nikamwambia neno kwa neno.

"Basi utaanzia hapo," akasema. "Halafu utasema mbele ya watu. Ulipomtusi mama yangu mlango ulikuwa wazi. Na safari hii uwe wazi."

Jumatatu nilimweleza sista yote, pamoja na niliyomficha. Maneno ya uongo hayafutwi kwenye faili. Nilipiga mstari mmoja juu yake yabaki kusomeka, nikaandika ukweli chini yake na tarehe na jina langu. Nilipewa barua ya onyo, na kwa miezi mitatu sikuongeza dawa ya mtu bila mwenzangu kuikagua. Nilistahili, na zaidi.

Alhamisi wakaja, Mama na binti yake, ambaye aliomba ruhusa kiwandani. Mlango ukawa wazi. Niliwasimulia waliokuwepo haya niliyowasimulia leo. Nilipomaliza palikuwa na ukimya, na safari hii sikuupenda. Kisha mtu mmoja nyuma, nisiyemtaja lakini leo amekaa karibu na dirisha, akakohoa, akasema, "Daktari, sasa tusipomwaga, choo kitakula nini?"

Tulicheka mpaka mama wa usafi akaja kuona kuna nini. Halafu mkaanza, mmoja mmoja. Mlinzi wa geti Donholm, anayelala mchana na kuamka jioni, ambaye "asubuhi" ya bahasha yangu ilikuwa usingizi wake. Mwanamke mmoja anayempa dada yake nusu ya dawa kwa sababu dada hana faili. Waliofunga mwezi mzima wa Ramadhani wakiogopa kuniuliza. Kila niliposikiliza niligundua mwingine ambaye ningeweza kumwangusha kama nilivyomwangusha Mama. Wengi tuliwapunguzia dawa, hatukuwaongezea. Mama tulimwachisha kidonge kidogo kabisa, tukampa kingine kisichogombana na saa nne yake.

Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza. Ndiyo maana kila Alhamisi, kabla sijaita jina la kwanza, mtu mmoja anasimulia jana yake, na siku yangu ikifika nami nasimulia. Mnajua sasa kwamba nachoma ugali.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila kitu kimerudi. Mama harudi kwenye kisu. Sasa anauza matumbo yaliyokwishaoshwa na wengine, na pato si lile. Kuna watu walihama kliniki hii kwa sababu yangu na sijui walipo. Kila Mama anapoinua kikombe, vile vidole viwili vinabaki vimenyooka, vinanielekea.

Ninao wa kuwashukuru. Mama wa usafi, aliyejua kabla yangu. Siku hizi namuuliza mengine zaidi ya sakafu. Sista, aliyeniambia nifunge mdomo. Fundi viatu, aliyeniuliza swali. Binti, ambaye leo yuko kazini. Hajaniambia amenisamehe, na mimi sijamuuliza, si haki yangu kumuuliza. Mama ndiye aliyenipasha habari, mwezi uliopita, kwamba mtoto alipata homa, na binti alichukua kijiko mwenyewe, akamimina dawa mwenyewe.

Na Mama. Wewe nikikushukuru nitalia, na umenikataza.

Wageni, nililojifunza ni dogo na mnaweza kulibeba. Anayekuuguza hawezi kukutibu akiwa hajui unavyoishi, na wewe huwezi kumwambia unavyoishi ukiwa unamwogopa. Msitungoje sisi tuwe watu wazuri ndipo mseme. Sisi wa koti jeupe tuna haraka, na wengine wetu tuna kiburi. Mtushike koti. Mwambieni daktari, "Kaa, nikusimulie jana." Na akiwasimulia yake pia, mwaminini kidogo kidogo, kama mnavyojaribu kuniamini mimi.

Leo asubuhi, kabla hatujaanza, Mama aliingia mle ndani. Trei tulishaiondoa. Alikunjua bahasha, akamwaga vidonge juu ya meza yenyewe, akavisukuma kwangu kwa ule mkono wake, mlango ukiwa wazi.

"Hivi saba sikumeza, daktari," akasema. "Uliza."

Nikavuta kiti karibu, nikamuuliza jana yake.